Boti ya Kuku Yashuka Ziwani

Beni, Jumamosi, 5 Februari 2000

Leo nimepata boti.

Naandika tena polepole ili niamini. Mimi, Apollinaire Mukendi, nimepata boti. Ya aluminiamu, nyeupe chini ya mavi ya kuku, imekaa juu ya remorki yake ya magurudumu mawili, ile ya kuvutwa na gari. Motere yake iko ndani ya sanduku, imefungwa kwa magunia. Ilikuwa ya mzungu wa kahawa aliyekimbia katika vita ya kwanza ya hapa kwetu. Aliiachia kanisa letu hapa mtaa wa Bungulu. Kanisa halikuwa na maji, lilikuwa na kuku. Kuku wakapewa boti.

Serikali ilinituma Beni kutoka Kasai niwe mkuu wa bureau ya boti na mito. Beni haina ziwa. Ina mito ambayo mbuzi anaivuka bila kusimama. Hakuna mtu Kinshasa aliyetazama ramani, nami sikutaka kuwasumbua. Kisha vita ya pili ikaja, Kinshasa ikawa kama nchi nyingine, na bureau ikabaki kiti kimoja na muhuri. Mke wangu Thérèse anauza mikate ya mafuta sokoni. Ananiita Chef, yaani mkuu, kwa sauti ambayo haina heshima ndani yake.

Lakini boti naijua. Kinshasa nilisoma mwaka mzima namna ya kuishusha kutoka remorki mpaka majini. Boti ilikuwa ya chaki, ubaoni. Maji pia. Kizibo cha chini kwanza. Motere iinuliwe isiburuzike. Kamba ya mbele ishikwe na mtu mwenye akili. Magurudumu yawekewe mawe. Mikanda ya kuifunga boti ibaki mpaka dakika ya mwisho. Na asikae mtu ndani. Hakuna aliyenishinda darasani.

Mpango ni huu. Kule Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard, watu wa bunduki wamechukua motere zote za pirogi, mitumbwi ya huko. Wavuvi wanapiga kasia tu. Donc, mwenye motere moja ni mkubwa wa ziwa. Nitabeba bamama wa samaki na mizigo yao. Nitavaa kofia yenye ukingo mweusi. Wataniita Komanda.

Mama Débora, mzee wa kanisa, alinikabidhi boti mbele ya komite nzima. Akasema, “Papa Apollinaire, hii ni boti ya Mungu. Itumikie batu, hapana tumbo yako.” Niliapa mara moja, kabla hajaongeza sharti lingine.

Beni, Jumapili, 6 Februari

Baada ya ibada akaja Valentin. Jirani yetu, mwalimu, mtu wa Équateur, alitumwa huku mwaka uleule kama mimi. Alizunguka boti kimya, mikono nyuma, kama anasahihisha mtihani. Akasema kwao mtoto anazaliwa ndani ya pirogi na anatembea baadaye. Akasema atakuja kunisaidia.

Nilimwambia hakuna haja. Thérèse alikuwa tayari amemwambia ndiyo, na amemuahidi mikate ya njia.

Halafu akauliza, mbele ya watu, kama najua kuogelea. Nilimjibu kwamba kazi ya nahodha ni kuzuia boti isizame, siyo kuzunguka ndani ya maji kama bata. Watu walicheka. Valentin naye alicheka, na hiyo ndiyo iliyoniudhi.

Butembo, Jumanne, 8 Februari

Tumefika Butembo. Siwezi kulala kwa furaha. Baridi pia inazuia.

Anayetuvuta ni Vagheni, mfanyabiashara wa hapa, Mnande, mwenye camionnette ngumu na maneno machache. Anapeleka chumvi kwa wavuvi na kurudi na samaki. Alikubali kufunga remorki nyuma kwa sharti kwamba nisimpigie kelele akiendesha. Nilimpigia kelele mara nyingi. Alifunga kioo.

Kwenye barrière baada ya Beni askari walitusimamisha. Walitazama boti muda mrefu. Barabara ile inapanda tu, milima mbele, milima nyuma. Mmoja aliuliza kwa heshima kabisa, “Muzee, masuwa inatafuta nini huku ku mulima?” Masuwa ni boti kwa Lingala. Nilimwonyesha muhuri wangu. Hakuuangalia. Aligusa ubavu wa boti kwa kiganja, kama mtu anavyogusa ng’ombe, akasema hajaona maji makubwa tangu atoke kwao Mbandaka. Akafungua barrière mwenyewe. Hakuomba kitu. Vagheni alisema hajawahi kuona jambo hilo tangu vita ianze.

Na Butembo je. Mji wote ulisimama. Wanawake wa soko wakaacha maharagwe. Wenye tshukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, wakajipanga pembeni kama kwa gavana. Bibi mmoja mwenye Biblia kwapani alipaza sauti, “Nowa amefika. Mais mvua iko wapi?” Nilisimama juu ya chumvi, nikapunga mkono. Mzee mmoja alivua kofia. Sijawahi kuvuliwa kofia katika nchi hii.

Valentin alikuwa akipunga mkono pia, upande wa pili. Sijui nani alimruhusu.

Njiani chini ya Kyondo, Jumatano, 9 Februari

Mungu wangu.

Nianze na mabaya. Barabara ya kushuka ziwani imechimbwa ukutani mwa mlima. Camionnette inashuka, na remorki nyuma inataka kuipita. Kila kona boti ilikuwa inalisukuma gari kwenye shimo. Vagheni alishika usukani kwa mikono miwili. Valentin alitembea nyuma ya remorki akiwa na gogo, na kila tuliposimama alilitupa chini ya gurudumu. Nilimwongoza kwa filimbi. Alisema filimbi inamchanganya. Nilipiga polepole.

Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Kisha, kwenye kona moja, ukaisha, kama mtu amevuta shuka.

Ziwa lilikuwa chini yetu.

Nimekuwa mkuu wa maji miaka mingi, na maji niliyoyajua yalikuwa ya ndoo. Nilidhani ziwa ni kitu kilicholala chini. Hili lilikuwa limesimama, limepanda mpaka likaungana na mbingu, na sikuona mahali pa kushonea. Wingu lilikuwa linatembea juu yake na kivuli cha wingu kinalifuata chini, polepole, kama mtu na mbwa wake. Pirogi zilionekana kama mbegu za ufuta. Ndani ya kila mbegu kuna mtu, nikawaza, na mtu huyo ana kasia moja.

Vagheni alizima gari. Alivua kofia yake, yeye ambaye amepita hapa maisha yake yote. Nilitaka kusema neno la Komanda. Nikahesabu pirogi badala yake. Valentin alikaa juu ya gogo lake na hakufundisha kitu.

Kyavinyonge, Alhamisi, 10 Februari

Kijiji cha wavuvi. Joto, harufu ya samaki wa chumvi, korongo wakubwa wenye vichwa vya upara wanatembea kati ya watu kama mahakimu. Viboko wanalala karibu na nyumba. Mchana, mmoja wao alikuwa amelala katikati ya mteremko wetu. Tulimngoja. Hakuna mwenye muhuri mbele ya kiboko. Alipoamka alitutazama, akafungua kinywa, na niliona ndani yake nafasi ya kutosha camionnette. Akaingia majini bila kurusha tone. Kitu kizito vile, na maji yakampokea kwa upole vile.

Mteremko wenyewe ni wa saruji, ulijengwa zamani kwa ajili ya boti za samaki. Juu ni mkavu. Chini, pale maji yanapoanza, umeota ukoko wa kijani unaoteleza kama sabuni. Na mwisho wake umevunjika: gurudumu likipita pale linaanguka kwenye matope. Niliweka mti wenye kitambaa chekundu pembeni ili tujue mahali pa kusimama. Ubaoni tulikuwa tunachora hivyohivyo.

Tulijaribu kurudi nyuma na remorki juu kwenye kiwanja, kabla ya kusogea majini. Vagheni akikata usukani kushoto, remorki inakwenda kulia. Akikata kulia, inakwenda kushoto. Akikasirika, inajikunja na kumtazama dirishani. Jioni alikuwa ameelewa: polepole, na mkono chini ya usukani, unapousukuma mkono ndipo boti inapokwenda. Alitabasamu mara moja. Nimeandika kwa sababu ni nadra.

Kiongozi wa bamama wa samaki ni Mama Mariette. Mjane, mrefu, sauti ya chini. Alikuja kuona boti, akaigonga kwa kidole. Akaniambia binti yake, Florentine, yuko kwenye kambi ya wavuvi upande wa kusini, chini ya milima, mahali ambapo pirogi ya kasia inafika kwa siku nzima kama upepo unakubali. Alikwenda na mume wake kununua samaki. Sasa kuna habari za bunduki upande ule.

“Tumbo yake imekuwa mukubwa,” alisema. “Papa, shusha boti kesho.”

Nilimweleza kwa upole kwamba boti isiyo na sherehe ni beseni. Nimealika chef wa kijiji, wachungaji, kwaya mbili na askari wa kituo cha hapa. Sherehe ni Jumamosi.

“Boti inashukaka ku maji,” alisema. “Hapana ku sherehe.”

Valentin alikuwa upande wake. Ndiyo maana sikubadilisha.

Kyavinyonge, Ijumaa, 11 Februari

Siku nzuri sana, maji yametulia kama sahani. Tumeosha boti. Inang’aa. Thérèse amefika kwa lori la makaa na kofia yangu, aliyoipiga pasi. Alitazama ziwa, akakaa chini mchangani na viatu vyake vya kanisa mpaka jua likashuka kidogo. Kisha akaniambia, “Chef,” na safari hii sauti ilikuwa tofauti.

Akauliza mbona boti haijashuka, maji yakiwa mazuri hivi. Nikasema kesho.

Kyavinyonge, Jumamosi, 12 Februari

Ninaandika nikiwa na suruali ya Vagheni. Yangu inakauka.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Kwaya zilikuwa mbili kweli, na kila moja ilikuja na wimbo wake. Niliona mikanda ya kufungia boti inakata weupe wake katikati, inaonekana kama mgonjwa mwenye bandeji. Nikaamuru ifunguliwe juu kabisa, kwenye kavu. Valentin alisema hapana. Nilimwambia hapa siyo darasa. Na kwa kuwa Komanda hashuki kwa miguu, nilipanda, nikasimama ndani ya boti, mbele, filimbi mdomoni, mkono kwenye kofia.

Vagheni alirudi nyuma vizuri sana. Naapa aliendesha vizuri. Polepole, mkono chini ya usukani. Ila magurudumu ya remorki yalipofika kwenye ukoko wa kijani yaliteleza kidogo, naye akagusa breki. Camionnette ikasimama. Remorki ikasimama. Boti haikuwa imefungwa na kitu. Ikaendelea.

Ilitoka nyuma ya remorki kwa sauti ambayo bado naisikia kwenye meno. Ikapiga saruji, ikalala ubavu, na mimi nikaendelea mbele kuliko boti. Maji yalikuwa ya kiuno tu, nimeambiwa baadaye. Kwangu hayakuwa na mwisho. Yalikuwa ya kijani, na kimya, na nilisikia kwaya kutoka mbali, kama wanaimba kwenye nyumba nyingine. Niliona jua kutoka chini. Hakuna aliyeniambia kwamba jua linavunjika vipande vile.

Mkono ulinishika kola. Wa Valentin, bila shaka.

Nilipotema maji niliona watu wote wametulia. Mchungaji mmoja alifunga sherehe kwa sala fupi. Boti imebonyea bonde ubavuni, na remorki imeendelea kuteleza mpaka gurudumu lake moja likateremka matopeni. Mama Mariette alikuwa amesimama na mikono kichwani. Hakucheka. Ningefurahi kama angecheka.

Kyavinyonge, Jumapili, 13 Februari

Naandika yote kwa utaratibu, ili nisisahau.

Asubuhi kengele ya kanisa ililia kisha ikakatika. Mvuvi anayeitwa Ananie alikuwa amefika kwa kasia kutoka kusini, viganja vyake vimechubuka mpaka nyama. Walimpa maji. Akasema, “Balianza kupiga masasi ya bunduki jana. Batu balikimbilia ku majiwe, chini ya mulima. Njia hapana. Ni maji tu. Na mawimbi iko napanda.”

Mama Mariette alimuuliza jambo moja kwa Kinande. Ananie aliitikia kwa kichwa. Florentine yuko pale, kwenye majiwe.

Alinigeukia. Niliona kwamba watu wote wamenigeukia, na kwamba sikuwa na kofia.

Ibada haikufanyika. Au ilifanyika pale. Kanisa zima, na nguo zake za Jumapili, liliingia matopeni na kuinua gurudumu. Wanaume wa kwaya zote mbili walibeba boti kwa mikono, wakaipandisha kwenye remorki, tukaivuta mpaka juu kwenye kavu. Nilipita chini yake kwa magoti na kuchunguza lile bonde. Halikutoboka. Nikaanza kusema yale ya ubaoni. Kizibo. Nilikifunga mwenyewe, nikakijaribu, nikakijaribu tena. Motere juu. Mafuta. Mikanda imefungwa, nikaivuta kwa uzito wangu wote. Kamba ya mbele nilimpa Valentin. Nilimpa kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeishika vizuri, na niliposema hivyo alinitazama kwa mshangao, nami pia nilijishangaa.

Niliwaondoa watu wote nyuma ya boti. Nilisimama pembeni, nchi kavu, mahali Vagheni aliponiona kwenye kioo. Sikutumia filimbi. Nilitumia mkono.

Akarudi nyuma. Ukoko wa kijani. Polepole. Magurudumu ya remorki yakaingia majini, maji yakapanda juu ya ekseli, mti wenye kitambaa chekundu ukafika. Niliinua mkono. Akasimama, akavuta breki ya mkono, na Thérèse akaweka mawe chini ya magurudumu ya camionnette, moja kila upande, akayapiga kwa kisigino cha kiatu cha kanisa. Hapo ndipo nilifungua mikanda.

Kisha jambo ambalo ubaoni halikuwepo.

Valentin aliilegeza kamba ya mbele, boti ikashuka kidogo kwenye vyuma, ikagusa maji kwa nyuma. Na ikaacha kuwa nzito. Sijui kueleza. Asubuhi hii watu arobaini waliibeba wakilia kwa uzito. Sasa niliisukuma kwa vidole viwili, ikaenda. Ilitikisika kama mnyama anayeamka. Maji yaliichukua upande mmoja, kisha upande wa pili, yakaikubali. Kijiji kizima kilitoa pumzi mara moja. Mama mmoja alisema Amina polepole. Valentin alishika kamba, boti ikageuka ikamtazama, ikatulia.

Nilikuwa nalia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Tulikwenda mimi, Valentin na Ananie kwenye motere. Mlima upande wa kulia uliingia majini wima, mweusi, na ulivyokuwa mrefu ulitufanya tuzungumze kwa kunong’ona ingawa motere ilikuwa inapiga kelele. Mawimbi yalipanda. Nilishika ukingo kwa mikono miwili. Nilijua sasa kwa nini watu wa maji wanasali kabla na siyo baada.

Tuliwaona kwa nguo zao. Rangi tu, chini ya ule ukuta, kama mtu ameanika vitenge juu ya mawe. Tulipokaribia vitenge vikasimama. Walikuwa na maji magotini, kila wimbi likija wanajishika. Hatukuweza kugusa mawe, boti ingevunjika. Valentin alivua shati, akafunga kamba kiunoni, akaruka. Aliogelea vile alivyosema watu wa kwao wanaogelea. Nilimtazama na sikupata wivu, ila baadaye kidogo.

Walikuja wakishika kamba ile, mmoja mmoja, bamama kwanza. Florentine alikuwa wa mwisho kati ya bamama, kwa sababu alikuwa amebeba kitu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na wanaume wawili walimshika kiuno. Alikinyoosha kwangu. Mimi nilikuwa mbele ya boti bila kazi. Nikakipokea. Kilikuwa mtoto.

Alizaliwa kwenye yale majiwe, alfajiri. Mwekundu, amekunja uso kama hakimu, amefungwa kwa shati la baba yake. Alifungua jicho moja, akaangalia ziwa, halafu mimi, halafu akalifunga. Sijawahi kuogopa hivyo kwa kitu kidogo hivyo. Njia yote ya kurudi sikushika ukingo, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, na sikuanguka.

Tulirudi mara nyingine kuwachukua wanaume. Mzee mmoja hawakumwona tena tangu jana. Alirudi kambini kuchukua nyavu zake, wakasikia masasi. Wanaume walimwita kwa jina kuelekea ufukweni, mara kadhaa, kisha Ananie akageuza motere.

Mama Mariette alimpokea mjukuu wake akiwa ndani ya maji mpaka kifuani. Alinishika mkono. “Wasingya,” alisema, ndiyo asante ya kwao. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, “Ungeshusha siku ya tano, angezalia ku kitanda.” Siku ya tano ni Ijumaa.

Sitalisahau neno hilo maisha yangu yote. Na yule mzee angekuwa na nyavu zake. Nimeliandika hapa ili likae. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine: kwanza kazi, na sherehe baadaye, kama itakuwepo.

Kyavinyonge, Jumanne, 15 Februari

Boti inafanya kazi kila siku. Ananie anaiendesha, bamama wanapanga zamu, Vagheni anaiteremsha na kuipandisha jioni ili isiibiwe. Sasa anaendesha kurudi nyuma huku anakula muhindi wa kuchoma. Mama Débora ametuma ujumbe kwa lori kwamba komite imefurahi.

Mtoto amepewa jina. Nilidhani nitasikia Apollinaire. Anaitwa Mumbere, kama wazaliwa wa kwanza wa kiume wa Wanande. Ni jina zuri. Wavuvi wameanza kumwita Valentin Komanda. Amewaambia waache, kwa sauti ya mtu asiyetaka waache.

Thérèse anasema nitulie, nile samaki.

Kyavinyonge, Alhamisi, 17 Februari

Nimetulia siku mbili.

Leo asubuhi baada ya mvua nilitoka nje kunawa uso. Upande wa kaskazini, mahali ambapo tangu tufike kuna wingu tu, wingu lilifunguka. Nilidhani nyuma yake kuna wingu lingine, jeupe zaidi. Halikusogea. Lilikuwa na pembe. Nilimuuliza Mama Mariette, aliyekuwa anapanga samaki, hilo ni nini. Akasema bila kuinua kichwa kwamba ni Ruwenzori, na kile cheupe ni barafu, iko pale siku zote.

Barafu. Hapa, ambapo samaki anaoza kabla hujamaliza kumhesabu. Juu ya joto hili lote, juu ya vita, juu ya barrière zote, imekaa pale, safi, haina mwenyewe. Niliacha maji yakauke usoni. Nilihisi vile nilivyohisi kule kwenye kona ya Kyondo, na zaidi.

Halafu nikafikiri: samaki akilala juu ya barafu haozi, na mwenye barafu ni mkubwa wa samaki wote.

Nimeongea na Vagheni. Anasema itayeyuka. Nimemwambia kuna majani ya ndizi ya kuifungia. Anauliza nani atapanda kuikata, na kwa njia gani, na kuna watu gani kule juu siku hizi. Nimemwambia hayo ni mambo madogo, tutayaangalia baada ya uzinduzi. Tayari nimemwona chef wa kijiji, na wachungaji wote wawili wamekubali kusema neno. Valentin hajui kitu. Thérèse ameenda sokoni, nitamweleza akiwa amekula.

Tunaondoka Jumatatu. Mlima uko umbali gani, sijauliza. Lakini nimesimama hapa mlangoni nikiutazama, na kutoka hapa unaonekana karibu sana.